Siku Tatu za Zabibu

Bi Miriam alifariki Jumanne, akazikwa Jumatano, na jioni ya siku hiyo mpwa wake Ruben akanipigia simu kuniuliza habari za bakuli. Alisema juu ya meza ya jikoni pana bakuli la zabibu kavu zilizolowekwa majini, na chini yake kipande cha karatasi chenye maneno ambayo hakuna mtu wa ukoo wao aliyeweza kuyasoma. Alilitambua neno moja tu, nalo lilikuwa jina langu. Nikamwomba anitajie herufi moja moja. Zuhura. Ijumaa. Siku tatu. Wewe pika. Nilikuwa nimesimama kwenye ngazi za jengo letu la ghorofa, Ladywood, mjini Birmingham, Uingereza, na mfuko wa mboga mkononi, na nakumbuka nilikaa palepale kwenye ngazi, watu wakawa wananiruka. Sikuwa nimekwenda kumwona kwa miezi minane. Nilikuwa nikisema nitakwenda wiki ijayo, kisha naanza kufikiri nikienda nitaambiwa nini kwa kuchelewa, na kwa sababu ya kufikiri hivyo nachelewa zaidi. Hakuna aliyemwambia kwamba Ijumaa hiyo ningekuja. Mimi mwenyewe sikujua. Na zabibu, Ruben alisema, alikuwa ameziloweka Jumanne asubuhi, kabla ya kulala kidogo na kutoamka.

Mwaka ninaotaka kuueleza ni ule wa kwanza baada ya kumaliza chuo, nilipokuwa na shahada ya kemia na sina kazi. Nilikuwa nikiishi Small Heath, chumba cha juu, kwa Achieng, nesi wa Kisumu aliyekuwa akifanya kazi wadi ya wazee. Maabara zilikuwa zikinijibu kwa upole kwamba hazinihitaji, na kila jibu nililisoma mara kumi nikitafuta kosa langu. Ndipo kampuni moja ya huduma za wazee majumbani ikatangaza kwamba inatafuta mtu anayejua Kiswahili. Nilidhani mgonjwa atakuwa mzee wa Mombasa au Bujumbura. Nikamkuta Bi Miriam, mwanamke wa Kiyahudi wa miaka themanini na kitu, ana mwili kama wa ndege, amevaa sweta mbili, katika nyumba nyembamba ya matofali mekundu nyuma ya barabara ya maduka ya Kings Heath. Alizaliwa Nairobi, akakulia nyuma ya duka la vitambaa, na aliondoka akiwa msichana. Sasa alasiri nyingine Kiingereza kilikuwa kinamtoka kama maji kwenye kikapu, na kilichobaki chini ni lugha aliyozungumza na watu wa jikoni utotoni mwake.

Siku ya kwanza nilimwambia, "Shikamoo, Bi." Akanitazama. Akasema, "Jambo. Wewe iko mwembamba. Lete chai." Mimi nimezaliwa Zanzibar, na nakiri kwamba sarufi ile ilinichoma kuliko amri yenyewe. Kisha akanionyesha nyumba. Chumba cha mbele chenye meza ndefu na vikombe viwili vya fedha kwenye kabati la kioo. Jiko. Pembeni ya jiko, kabati la ukutani lenye joto kwa sababu ya mabomba ya maji moto, na ndani yake chupa kubwa ya kioo yenye mdomo mpana, imefunikwa kitambaa cheupe, imejaa kitu cheusi chenye wekundu kilichokuwa kikinong'ona. Nasema kunong'ona kwa sababu sina neno jingine. Zabibu zilikuwa zinapanda na kushuka, mapovu yanapasuka, na sauti yake ilifanana na mtu anayezungumza chumba cha pili, ambaye ukitega sikio ananyamaza.

"Hii divai ya Bwana," akasema Bi Miriam. "Bwana Yosef. Wewe hapana gusa. Hapana gusa chupa, hapana gusa mwiko, hapana gusa kikombe kama divai iko ndani. Nasikia?"

"Nimesikia, Bi."

"Bwana iko ndani," akasema, akafunga mlango wa kabati taratibu.

Bwana Yosef alikuwa amekufa miaka sita kabla. Nilikuja kufahamu kwamba aliianza chupa ile wiki moja kabla ya kifo chake. Zabibu, maji, na kungoja, kama walivyofanya mababu zake katika miji ya baridi ambako mizabibu haioti na bado Ijumaa inataka kikombe cha divai. Bi Miriam hakuiacha iishe. Kila wiki alichota kikombe kimoja, akarudishia zabibu na maji, akazisukuma chini kwa mwiko wa marehemu, ili daima kuwe na kidogo cha mkono wa mumewe mle ndani.

Jioni hiyo nilimweleza Achieng, naye aliacha kula chapati.

"Ngoja. Ati 'hapana gusa'? Na wewe ukasemaje?"

"Nikasema nimesikia, Bi."

"Nimesikia, Bi! Weh, Zuhura. Huyo ni memsahib kamili. Mtu wa degree, anaambiwa mkono wake utachafua chupa, na anasema nimesikia. Wewe ukipigwa kofi utaomba msamaha shavu lako limekuwa gumu."

"Mie ni Muislamu, Achieng. Hata hivyo nisingeigusa."

"Hiyo ni yako na Mungu. Yeye anakukataza kwa sababu gani?"

Sikulala vizuri. Katazo lile lilikuwa langu kabla halijawa lake, na nilikuwa nimekwisha kujipangia masharti ya kazi: simimini, sibebi, sionji. Lakini nilipoambiwa na yeye, kwa lugha ile ya kuwaamrishia wapishi, likageuka kuwa tusi. Nikawa napita mbele ya kabati nikiwa na mambo mawili kifuani, utiifu na kinyongo, na sikuweza kujua lipi linanizuia mkono.

Ijumaa za majira ya baridi Birmingham giza linaingia saa kumi jioni. Bi Miriam aliwasha mishumaa miwili, akajaza vikombe viwili, kimoja mbele yake na kimoja mbele ya kiti kitupu, na mimi nilitakiwa kuondoka. Ijumaa ya tatu nilikuwa jikoni navaa koti nikamsikia anaimba. Sauti yake ilikuwa nyembamba, inakwaruza. Nikafunga vifungo vitatu. Ndipo nikasikia ya pili, nzito, chini ya yake, ikimfuata nusu hatua nyuma kama mtu anayekumbuka wimbo kwa kumtazama mwenzake. Nilijiambia ni redio, nikakumbuka kwamba siku ya Sabato hawashi redio. Nikajiambia ni mabomba. Nikaweka kiganja kwenye mlango wa kabati, juu ya mbao tu, nao ulikuwa unatetemeka. Jumamosi asubuhi nilikuta vikombe mezani. Chake kilikuwa na tone na mashapo, kama kikombe chochote kilichonywewa. Cha pili kilikuwa kikavu kabisa. Ilikuwa hivyo kila wiki. Sikumuuliza. Nilikuwa mtu wa kuuliza maswali elfu kichwani na kutolitoa hata moja mdomoni.

Mwezi wa pili akateleza bafuni, akalazwa hospitali siku tatu. Siku ya tatu nilitumwa nyumbani kumchukulia nguo za kurudia. Ilikuwa mchana, jua jeupe lisilo na joto. Nilipofungua mlango wa mbele nikasikia jikoni kuna anayehema. Sio kunong'ona tena. Ilikuwa pumzi ya mtu aliyebanwa kifua. Nikafungua kabati. Zabibu hazikuwa zimesukumwa chini tangu aondoke. Zilikuwa zimepanda zote na kuziba mdomo wa chupa, kitambaa kimevimba juu yake na kinainuka, kinashuka, kama shuka juu ya mgonjwa, na michirizi myekundu ilikuwa imeteremka hadi sakafuni. Nikaanza kufikiri, na hilo ndilo kosa langu maisha yote. Nikafikiri: kioo kitapasuka. Nikafikiri: ameniamini nyumba yake. Nikafikiri pia, nakiri, hapana gusa, hapana gusa, mkono wangu una nini? Na nilikuwa bado nafikiri nilipoona mkono umekwisha kutoa kitambaa na kushika mwiko, na zabibu zinazama kwa sauti ya mtu anayeshusha mzigo. Maji yale yakanirukia vidoleni. Nikalamba kidole.

Watu wote hulamba kidole jikoni. Sikuamua. Lakini nilisimama pale na ulimi wangu, na chupa ikanyamaza. Kemia inasema ukikoroga, hewa hutoka yote kwa pamoja, kisha baada ya saa moja mapovu huanza tena. Nilingoja saa moja na nusu, koti mwilini, nguo za Bi Miriam mapajani. Hayakuanza.

Alirudi akiegemea fimbo, na kabla ya kuvua koti alikwenda kabatini. Akaweka sikio kwenye kioo. "Yosef?" akaita. Akangoja. Akanigeukia na uso mdogo kama wa mtoto aliyeachwa skuli. "Nalala," akasema. Ijumaa hiyo aliimba peke yake. Nilisimama jikoni mpaka wimbo ukaisha, na chini yake hapakuwa na kitu. Jumamosi kikombe cha pili kilikuwa kimejaa hadi ukingoni. Bi Miriam alikitazama kwa muda mrefu, akasema kwa Kiswahili chake, taratibu, "Hapana kuja."

Jumapili Ruben alileta supu. Ni mwalimu wa hesabu, mpole, aliyezoea kueleza. Nikamuuliza, kama kwa kupitisha wakati, kwa nini shangazi yake hataki chupa iguswe. Alicheka. Akaniambia ni sheria ya zamani sana. Divai ya Kiyahudi ikiguswa na mtu asiye Myahudi, haifai tena kunywewa, kwa sababu zamani mataifa yalikuwa yakimiminia masanamu divai, na kwa sababu watu wakinywa pamoja huishia kuoana. "Si wewe," akasema. "Ni kila mtu. Hata malkia akija kushika mwiko, inamwagwa." Kisha akaongeza, akipuliza supu, kwamba zipo njia za kuiokoa. Mwalimu wake wa dini alimfundisha kwamba aliyegusa bila kujua kuwa ni divai, mguso wake ni jambo jepesi, wanaweza kuiachilia. Akaendelea na habari nyingine. Mimi sikusikia tena.

Wiki zile ziliniingia mwilini. Kwamba nilikuwa nimemdhania vibaya, hilo lilikuwa aibu, nayo nikaimeza. La pili halikumezeka. Kama nilijua ni divai, basi nilikuwa nimeiharibu, na Bi Miriam kila Ijumaa alikuwa anakunywa kwa sababu yangu kitu ambacho maisha yake yote hakukinywa, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeonja ulevi. Kama sikujua, sote wawili tumesalimika. Vyote vilining'inia kwenye ladha ya kidole kimoja. Utotoni, chuo cha Kurani, tulifundishwa kwamba maji ya zabibu zilizolowekwa ni halali, ila yasizidi siku tatu. Nikahesabu: zabibu za mwisho alizitia kabla ya kulazwa, kwa hiyo zina siku ngapi? Na kitu kinachoongezwa kila wiki kina umri gani, wa tone la mwisho au la kwanza? Ilikuwa tamu, nilijiambia. Usiku mwingine nilikumbuka ilichoma. Achieng akachoka nami.

"Wewe umesoma kemia," akasema. "Mapovu yanatoka kwa nini?"

"Najua yanatoka kwa nini."

"Sasa unaniuliza nini, dada yangu?"

Huenda ningenyamaza milele. Nina kipaji hicho. Lakini Bi Miriam aliacha kula. Ijumaa ya tatu baada ya kurudi, kikombe cha pili bado kikibaki kimejaa, aliniita, akanionyesha kiti cha mumewe, nikae. Hakuwahi kuniambia nikae pale.

"Yosef nakasirika," akasema. "Mimi naenda hospitali, mimi naacha yeye siku tatu, peke yake. Yeye nasema, huyu mwanamke nasahau mimi." Machozi yalikuwa yakimtoka bila uso kubadilika. "Mimi nakosa, Zuhura. Mimi."

Ilikuwa mara ya kwanza kuita jina langu. Nikasema, "Si wewe, Bi Miriam. Ni mimi. Nilifungua kabati. Nilishika mwiko nikakoroga kwa mkono huu. Na nilionja."

  Akauliza, na Kiswahili chake kilikuwa kikavu kama cha hakimu:

"Wewe najua hii iko divai?"

Nilijua maana ya swali. Nilijua pia kwamba alikuwa akinitazama kwa matumaini, kwamba neno moja lilitosha, sikujua, na chupa ya mumewe ingebaki, na kazi yangu ingebaki, na roho yangu ingekuwa safi kwenye daftari zote mbili. Na sikuwa na hakika. Hata leo sina hakika ya ladha. Lakini mapovu niliyajua tangu siku ya kwanza.

"Nilijua," nikasema.

Alifumba macho. Akainuka, akachukua fimbo, akaenda jikoni nami nikimfuata, akafungua kabati lote. "Sasa kuja," akasema. "Sasa shika. Nakwisha gusa, gusa yote." Tuliibeba pamoja, mikono yangu chini na yake kwenye shingo, mpaka kwenye sinki. Ilitoka polepole, nyeusi, kisha nyekundu, kisha zabibu zenyewe, zimevimba na kupauka, zikidondoka moja moja kama vitu vyenye macho. Bomba la sinki likameza na kuendelea kumeza muda mrefu baada ya chupa kuwa tupu, na katika sauti ile, chini kabisa, nilisikia sehemu ya wimbo wa Ijumaa ikielekea mbali. Nilimtazama. Alikuwa amesikia.

"Atarudi, Bi?" nikauliza.

Akajipangusa mikono kwa sweta. "Kama yeye nakuja sababu ya mimi, anajua nyumba. Kama nakuja sababu ya divai tu..." Akainua mabega. "Nani nataka mume kama hiyo?"

Wiki iliyofuata alinituma Coventry Road kununua zabibu kavu kwa Msomali mmoja ambaye zake hazina vijiti. Alizitia kwenye bakuli la kawaida, akamimina maji, akaniambia sheria nyingine ambayo hata Ruben alikuwa ameisahau: zabibu zikilowekwa siku tatu, maji yake yanatosha kubarikia Ijumaa, hata kabla hayajawa makali, na yakichemshwa, mkono wa mtu yeyote unaruhusiwa kuyagusa. Nikauliza tena. Siku ngapi? Akanionyesha vidole vitatu vilivyopinda. Nikaanza kucheka, nikashindwa kumweleza kwa nini, kisha nikamweleza, kwamba siku tatu zake zilikuwa siku tatu zangu, kwamba pale palipoanzia ruhusa yake ndipo ilipoishia yangu, na kati yake pana mlango wa mchana mmoja tu. "Basi pika haraka," akasema. Nilipika mimi. Ilikuwa nene, tamu mno, na Bi Miriam alisema ladha yake ni ya dawa ya kikohozi. Ijumaa hiyo nilimimina mimi, vikombe viwili, na cha pili nilikinywa mimi. Kabati lilikuwa kimya. Lilikaa kimya mwaka mzima, mpaka nilipopata kazi ya maabara nikaanza kusema nitakuja wiki ijayo.

Ijumaa hii nilitoka kazini mapema. Nyumbani kwake kioo cha ukumbini kilikuwa kimefunikwa shuka, kama wafanyavyo Wayahudi wakifiwa, na Ruben alikuwa jikoni peke yake, wageni wameondoka kabla ya Sabato kuingia. Bakuli lilikuwa pale. Nilisoma ile karatasi kwa macho yangu, mwandiko wake unaoteremka upande wa kulia. Nikawasha jiko. Sikufikiri, na kama nilifikiri sikumbuki. Nilichemsha, nikachuja, Ruben akiniangalia bila kunihimiza, ingawa nje kulikuwa kunaingia giza. Alikwenda kabati la kioo akaleta vikombe viwili vya fedha, nami nikamimina. Kabati la ukutani lilikuwa wazi na tupu. Mabomba tu, na alama ya duara kwenye rafu mahali ilipokuwa chupa.

Ruben alianza kuimba baraka, hafahamu vizuri, anakwama. Alipokwama, wimbo uliendelea. Sauti nzito, nusu hatua nyuma, kama mtu anayekumbuka kwa kumtazama mwenzake. Na mbele yake, nyembamba, inayokwaruza, sauti ya huyo anayemtazama.

Ruben alisimama na kikombe karibu na mdomo. 

"Umesikia?" akaninong'oneza.

Zamani ningemweleza habari za mabomba na hewa.

"Kunywa," nikamwambia. "Isije ikapoa." Na mimi nikanywa changu.